Kazi ya mbele, kazi ya nyuma: namna ya kuacha mashini ifanye kazi wakati rezo inakatika



Tangu nilipoandika hapa kwamba nachambua data za mihogo na R kwenye seva, watu wengi wameniuliza swali moja, kila mtu kwa namna yake: «Nilianzisha kazi usiku, asubuhi nikakuta imekufa. Shida iko wapi?» Kuko wanaosema ni R. Kuko wanaosema ni data yao iko mubaya. Mara mingi si R wala si data. Ni rezo ilikatika, na kazi ikaondoka pamoja na rezo. Leo tuongee juu ya ile jambo polepole, juu hakuna mahali popote mu programu ya agronomia ambapo tulifundishwa.

Kwanza, kwa nini mtu wa kilimo ahangaike na terminali? Angalieni hesabu hii. Kule Yangambi, mu hifadhi, kuko mnara wa CongoFlux wa mita 55 unaopima gesi zinazopita kati ya msitu na anga. Mbinu ile kwa kawaida inapima mara 10 ao 20 kwa sekunde moja. Chukueni 10 tu: siku moja inatoa mistari 864,000. Karatasi moja ya Excel inaishia mistari 1,048,576. Maana yake data ya siku mbili haienei mu Excel. Na sisi wa majaribio madogo ya mihogo, ambao data yetu inaenea vizuri, tukitaka kuchota upya sampuli mara 2,000 na kurudia modeli kila mara ili kujua uhakika wa matokeo, mashini inaomba saa mingi. Mtu hawezi kukaa mbele ya kioo saa zile zote, na hapa kwetu hawezi kutegemea kwamba umeme na rezo vitakaa naye.

Sisi watatu wa promosio moja tunakodi seva ndogo nje ya nchi, prosesa 2 na RAM ya GB 4, tunagawana bei kila mwezi. Tunaingia kwa ssh. Mifano yote hapa chini inatoka mu kazi ile, lakini inaenda vilevile kwenye laptopu yako kama iko na Linux.

Ukifungua terminali, programu inayosoma amri zako inaitwa sheli. Mingi kati yetu tuko na Bash. Ukiandika

Rscript mihogo.R

sheli inaanzisha R, kisha inakaa kimya na kungoja. Hiyo ni kazi ya mbele. Klaviye yote iko mikononi mwa R, na sheli haitakusikiliza mpaka R imalize. Terminali ni kama toleka: kiti cha abiria ni kimoja. Anayekaa ndiye kazi ya mbele. Kazi za nyuma zinatembea kwa miguu yao, na zinaweza kuwa mingi kwa mara moja.

Hapa mfano wa toleka unaishia, juu kuko kosa moja nalisikia kila wakati: watu wanafikiri kazi ya nyuma inaenda polepole. Hapana. Prosesa haijui ya mbele wala ya nyuma, inazigawia muda sawasawa. Tofauti iko paka mu kitu kimoja: nani ameshika klaviye.

Ili kuanzisha kazi moja kwa moja nyuma, unaweka alama ya & mwisho wa amri:

Rscript mihogo.R > matokeo.txt 2>&1 &

Sheli inajibu na namba mbili, kwa mfano

[1] 4127

na inakurudishia nafasi ya kuandika palepale. Ile 1 ni namba ya kazi, na inajulikana mu sheli hii tu. Ile 4127 ni namba ya mchakato, na inajulikana na mashini nzima. Muzishike mu kichwa zote mbili, tutazihitaji. Na ile > matokeo.txt 2>&1 inapeleka maandishi ya kawaida na ya makosa mu faili. Bila hiyo, R itaendelea kutapika maneno yake ku kioo chako wakati unaandika kitu kingine. Haiharibu kazi, lakini hutaelewa tena unachoandika. Kuko na sababu nyingine kubwa zaidi ya kuiweka, nitaifikia.

Sasa, tuseme umeanza mbele bila &, na umeona itakawia. Hauna haja ya kuiua. Finya Ctrl na Z. Utaona:

[1]+  Stopped                 Rscript mihogo.R

Wengi wanafika hapa, wanaona nafasi ya kuandika imerudi, wanafurahi: «Sasa iko nyuma, inaendelea.» Haiendelei! Neno Stopped ni Stopped. Kazi imesimama kama gari ku bariere, haitumii prosesa hata kidogo. Utarudi asubuhi, utaikuta palepale ulipoiacha. Ili iendelee nyuma unaandika

bg

na ili irudi mbele unaandika

fg

Ndani yake, Ctrl-Z inatuma ishara inayoitwa SIGTSTP, «simama», na bg ao fg inatuma SIGCONT, «endelea». Ctrl-C ni kitu kingine kabisa: inatuma SIGINT, na programu mingi zikiipata zinakufa. Z ni kupumzisha, C ni kukata. Mu mashini ambayo iko mu Kifaransa, maneno kama Stopped yatatoka mu Kifaransa, lakini namba na alama ni zilezile.

Kuona kazi zako zote unaandika jobs:

[1]-  Running                 Rscript mihogo.R > matokeo.txt 2>&1 &
[2]+  Stopped                 nano maelezo.txt

Ile alama ya + ndiyo kazi ambayo fg ao bg itaichukua kama hausemi namba. Kama unataka nyingine, unasema: fg %1. Kuua ni kill %1. Angalieni ile asilimia. kill %1 inaua kazi namba 1 ya sheli yako, lakini kill 1 bila asilimia inamwendea mchakato namba 1 wa mashini, yule aliyezaa wengine wote. Kama wewe si msimamizi, mashini itakukatalia tu. Kama wewe ni msimamizi, mimi sitaki kuwa karibu.

Nifungue dirisha dogo la historia, juu lilinifurahisha. Unix ya kwanza haikuwa na mambo ya Ctrl-Z na bg. Alama ya & ilikuwako, lakini kazi ikishaanza mbele, ilibaki mbele mpaka mwisho. Aliyeleta kazi za kusimamisha na kurudisha mu sheli ya C ni Jim Kulp, alipokuwa mu taasisi ya IIASA, kule Laxenburg, Austria. Jina la IIASA haliwaambii kitu? Ni ileile taasisi iliyofanya pamoja na FAO ile ramani ya kanda za kilimo za dunia, GAEZ, ambayo wengi wetu tunaitaja mu memwari. Kwa hiyo wanaosema kwamba terminali si mambo ya watu wa kilimo, wajue Ctrl-Z ilipita mu nyumba yetu.

Turudi ku kazi. Kuko mtego mmoja wa kazi za nyuma. Kwa kuwa haina klaviye, kazi ya nyuma ikijaribu kukusoma, mfumo unaisimamisha palepale. Mfano wa kila siku: unatuma faili kubwa ku seva na rsync, unaweka &, unaenda kunywa chai. Unarudi, jobs inakuambia Stopped. Imefanya nini? Imeomba neno la siri, haikupata mtu wa kulisoma, ikasimama. Dawa yake: anzisha mbele,

rsync --partial majaribio.zip mimi@seva:

andika neno la siri, ngoja ianze kutuma, kisha Ctrl-Z, kisha bg. Ukitumia ufunguo wa ssh badala ya neno la siri, shida yenyewe inaisha.

Sasa tufike ku jambo lenyewe, lile linaloua kazi za usiku.

Ukiwa umeingia ku seva kwa ssh, sheli yako ya kule imefungwa na terminali, na terminali imefungwa na rezo. Rezo ikikatika na seva ikigundua kwamba hauko tena, inafunga ile terminali. Sheli inapokea ishara ya SIGHUP. Jina lile linatoka mu zamani za modemu, wakati mtu alikuwa anaingia mu mashini kwa laini ya simu: kuweka simu chini. Bash ikipokea SIGHUP, kabla ya kuondoka inaituma kwa kazi zake zote, zinazoenda na zilizosimama. Na programu ambayo haikuandaliwa kwa ishara ile, inakufa. Ile & yako haikukinga na kitu. Kazi ilikuwa nyuma, ni kweli, lakini bado ilikuwa mtoto wa sheli ile.

Kinachochanganya watu ni kwamba haifanyi hivyo kila mara. Ukitoka mwenyewe kwa kuandika exit, Bash, mu mipangilio yake ya kawaida, haitumi SIGHUP kwa kazi zinazoenda nyuma. Inaziacha. (Zile zilizosimama ni mambo mengine: itakuambia There are stopped jobs, na ukilazimisha exit mara ya pili, inazimaliza.) Kwa hiyo mtu anajaribu jioni, anatoka vizuri kwa exit, anarudi, kazi iko. Anasema: & inatosha. Usiku mwingine rezo inakatika, kazi imekufa. Anasema: R ni ya kuamini leo, kesho hapana. Ongeza na hii: rezo ikikatika, seva haijui palepale. Inaweza kukaa muda ikingoja, na kazi inaendelea wakati ule. Kama ilikuwa ya dakika chache, itamaliza kabla ya seva kugundua. Ndiyo maana kazi fupi zinapona na kazi ndefu zinakufa, na mtu anaamua kwamba kazi ndefu ndizo ziko na kosa.

Nasema hivi juu namjua mwenzetu mmoja ambaye karibu aharibu kazi yake kwa ajili ya hii. Alikuwa na data ya misimu miwili, nzuri, ya jasho lake mwenyewe, alipima mizizi kwa mkono shamba kwa shamba. Alitaka kuchota upya mara 2,000. Usiku tatu mfululizo kazi ikamfia, kila mara mu nafasi tofauti. Alikuwa ananunua mega za usiku na kuchangia mafuta ya gurupe ya jirani. Ku usiku wa nne akashusha 2,000 mpaka 100. Ikaisha, juu 100 ilikuwa inaisha kabla rezo haijakatika. Alikuwa tayari kupeleka vile kwa mwalimu wake. Na 100 kwa mipaka ya asilimia 95 ni kidogo sana: kila upande unabaki na namba mbili tatu zinazoamua kila kitu, ukirudia kesho mipaka inahama. Mtu alikuwa anapunguza sayansi yake kwa sababu ya ishara moja ya simu ya zamani.

Dawa ya kwanza inaitwa nohup. Ni ya kale, kuliko hata Ctrl-Z. Inaanzisha programu ikiwa imeziba masikio kwa SIGHUP:

nohup Rscript mihogo.R > matokeo.txt 2>&1 &

Kama hausemi faili, nohup inaweka maandishi yenyewe mu faili nohup.out. Basi, rezo inaweza kukatika mara kumi.

Dawa ya pili ni ya yule aliyekwisha kuanza bila nohup, na R imeshakula saa tatu, hataki kurudia. Anafanya kwa mpangilio huu: Ctrl-Z, bg, kisha

disown -h %1

Hapo anaiambia sheli: ukipata SIGHUP, hii usiipelekee. Mpangilio una maana. Usianze na disown wakati kazi bado Stopped, juu kazi iliyosimama na isiyo na sheli ya kuiamsha haina mtu tena. Kwanza iende, ndipo uiachilie.

Na hapa ndiyo ile sababu kubwa ya kupeleka maandishi mu faili. disown inakinga na ishara, lakini haihamishi maandishi. Kama R ilikuwa inaandika ku terminali, na terminali imeondoka, inaandika ku kitu ambacho hakiko. Kuko programu ambazo zinakufa kwa hiyo. Zingine zinabaki, lakini matokeo uliyongojea kusoma ku kioo yamepotea. Kwa hiyo hata kama unaanza mbele, hata kama ni jaribio, jizoeze kuweka > faili.

Kisha unarudi asubuhi, unaingia upya, unaandika jobs, na hakuna kitu. Moyo unapasuka! Tulieni. Nilisema namba ya kazi inajulikana mu sheli moja tu. Hii ni sheli mpya, haina kazi hata moja, na haijui za ile ya jana. Kazi yako inaweza kuwa inaenda vizuri kabisa. Muulize mashini, si sheli:

pgrep -af mihogo

Ikiwa bado iko hai, utaona namba yake, ile 4127, na amri yake. Kisha tail -f matokeo.txt itakuonyesha inaandika nini sasa hivi, na Ctrl-C inakutoa mu tail bila kugusa R. Mwenzetu mmoja wa seva aliona jobs iko tupu, akaanzisha kazi ileile mara ya pili juu ya ya kwanza, zote mbili zikaandika mu faili moja. Mu seva ya GB 4 tulisikia sisi wote watatu.

Dawa ya tatu ndiyo mimi natumia kila siku, na nikikuwa na nafasi ya kufundisha kitu kimoja tu, ningefundisha hii: tmux. Badala ya kukinga kazi mojamoja, unaweka terminali nzima ndani ya seva, haitegemei rezo yako.

tmux new -s mihogo

Unaona terminali mpya na mstari wa rangi chini. Anzisha R humo, mbele kabisa, bila &, bila nohup. Ukitaka kuondoka, finya Ctrl na b, achilia, kisha d. Unarudi nje, na ndani kazi inaendelea. Kesho:

tmux attach -t mihogo

na unakuta kioo chako kama ulivyokiacha, na maandishi yote. Rezo ikikatika bila wewe kufinya kitu, ni sawa vilevile: kilichokufa ni dirisha lako, si terminali ya ndani. Ukisahau majina, tmux ls inakupa orodha. Kama seva haina tmux, tafuta screen, ni mkubwa wake, ya 1987, inafanya kazi ileile na vidole vingine: Ctrl-a kisha d. Kuko seva chache ambako msimamizi ameamuru kwamba ukitoka, kila kitu chako kifagiliwe. Pale hata tmux haiponi. Muulize kabla.

Yule mwenzetu wa 100, tulimwekea tmux mu dakika kumi, karibu zote za kueleza Ctrl-b. Akarudisha 2,000. Usiku ule rezo ilikatika kama kawaida yake. Mipaka aliyopata ilikuwa mipana kuliko ile ya 100, na aina moja ya mihogo aliyokuwa ameiandika kwamba inashinda zingine ikaacha kushinda. Haikumfurahisha. Lakini wakulima wa upande wa Lubunga walikuwa wanangoja jibu lile ili wajue vipando gani wazidishe.

Sasa kuko adui ambaye nohup, disown na tmux hazimwezi: umeme ukikatika ku mashini yenyewe inayofanya kazi. Kwa seva ya nje hatuna wasiwasi mkubwa. Kwa laptopu yako mu Mangobo ao Kabondo, wasiwasi ni wa kila siku. Hapa Ctrl-Z iko na matumizi ambayo vitabu haviandiki: kulinda bateri. Umeme umeondoka, uko na asilimia 30, R inakula prosesa yote na ventileta inalia. Finya Ctrl-Z. Prosesa inatulia, bateri inadumu zaidi, unaweza kuandika memwari yako taratibu, na gurupe ikiwaka unaandika fg, inaendelea palepale. Lakini jueni: kazi iliyosimama bado inakaa mu RAM. Bateri ikiisha kabisa, inakwenda. Kwa hiyo usiiache isimame mpaka asilimia 3.

Kinga ya kweli ni kukata kazi vipande na kuhifadhi kila kipande. Mu R inakuwa hivi:

for (i in 1:20) {
  f <- paste0("sehemu_", i, ".rds")
  if (file.exists(f)) next
  set.seed(i)
  r <- chota_upya(100)
  saveRDS(r, "muda.rds")
  file.rename("muda.rds", f)
}

chota_upya ni jina la fonksio yako mwenyewe. Vipande 20 vya 100 ni 2,000 zetu. Umeme ukikatika mu kipande cha 13, ukianza upya R inaruka 12 zilizokwisha. Ile muda.rds iko kwa sababu umeme unaweza kukatika wakati faili inaandikwa nusu. Jina la kweli linawekwa paka faili ikiwa kamili. Na set.seed iwe ndani, na namba ya kipande. Ukiiweka juu, nje ya duara, kisha ukaanza upya ku kipande cha 13, R itachota zilezile ilizochota ku kipande cha 1. Utakuwa na 2,000 ku karatasi, ambazo zingine ni nakala. Hakuna kosa litakalotoka ku kioo, na mwalimu hataona. Hii ndiyo naiogopa kuliko kukatika kwa umeme.

Kwa picha za satelaiti na mafaili makubwa, wget -c inafanya kazi ileile: inaendelea pale ilipoishia, haianzi kula mega zako upya.

Jambo dogo la adabu kwa wanaogawana seva. Kuanzisha kazi nyuma ni rahisi sana, na ndiyo hatari yake. Mtu anaandika

for s in yangambi yoko masako; do Rscript mihogo.R $s > $s.txt 2>&1 & done; wait

na R tatu zinaanza kwa mara moja, na wait inangoja zote zimalize. Ni nzuri, kama prosesa zinatosha. nproc inakuambia ziko ngapi, free -h inakuambia RAM iliyobaki. Kwetu ni prosesa 2, kwa hiyo R tatu haziendi haraka kuliko mbili, na RAM ikijaa mfumo unachagua mwenyewe nani wa kuua. Weka nice -n 10 mbele ya Rscript, kazi yako ya usiku itawapisha wengine.

Mwisho kwa wale wasio na Linux. Mu Windows kuko WSL, inakupa Bash kamili, lakini inavuta mega mingi sana ya kuishusha. Ifanyeni mahali kuko wifi ya bure. Na wale wanaosema hawana laptopu kabisa: shusheni Termux ku simu ya Android. Iko na Bash, na ukiandika pkg install openssh unapata ssh. Amri zote za juu zinaenda. Mimi mwenyewe mara mingi naangalia kazi zangu nikiwa ku kivuko, nangoja mtumbwi: ssh, tmux attach, naona imefika kipande cha ngapi, Ctrl-b d, simu mu mfuko. Mega inayokwenda pale ni kidogo kuliko picha moja ya WhatsApp, juu ni maandishi tu yanayopita. Ctrl mu Termux iko ku mstari wa vitufe juu ya klaviye. Kama hauioni, shika kitufe cha kupunguza sauti, ndicho Ctrl.